UZI: Kabla ya kuuliza bei ya unga, uliza mahindi yalilala wapi

1. Kila msimu wa siasa mjadala ni ule ule. Mmoja anasema akiingia yeye, unga utashuka. Mwingine anasema ulipanda kwa sababu ya aliyekuwako. Sisi huku chini tunatukanana mpaka saa sita usiku, halafu asubuhi tunaenda dukani na bei iko pale pale. Kama kawaida yetu hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama. Leo tunataja chakula, na hasa ile sehemu ya historia ya chakula ambayo haipandi jukwaani: kuhifadhi. Weka chai karibu, ni mrefu kidogo.

2. Shosho yangu alikuwa na ghala la fito nyuma ya jikoni, limeinuliwa juu ya miguu ya miti. Mahindi hayakuingia mle mpaka ayapime. Kipimo chake kilikuwa meno. Anachukua punje moja, anaiuma. Ikivunjika kwa kishindo, imekauka. Ikiingia jino kama inatafunwa, gunia lote linarudi juani. Nilidhani ni ushamba wa wazee. Nimekuja kujua baadaye kwamba lile jino lilikuwa linafanya kazi ambayo leo tunaidai kutoka kwa mashine, na kuna watu wamekufa nchini hii kwa sababu hiyo kazi haikufanyika.

3. Turudi nyuma kabisa. Shuleni tulifundishwa hivi: binadamu aliwinda na kuokota, akagundua kilimo, akavuna ziada, ndipo akajenga ghala. Mpangilio mzuri, lakini kuna mahali haukufuatwa. Huko Dhra', karibu na Bahari ya Chumvi nchini Jordan, waakiolojia walichimba maghala ya miaka kama 11,300 iliyopita. Yalikuwa na sakafu iliyoinuliwa ili hewa ipite chini na panya wapate shida. Ndani yake iliwekwa nafaka ya mwituni, kabla ya watu wa eneo lile kuwa na mimea iliyobadilishwa na kilimo.

4. Yaani ghala lilitangulia mkulima. Watu walijifunza kwanza kutunza, ndipo ikawa na maana kulima kwa bidii. Na ukifikiria, ni lazima iwe hivyo. Mwindaji akikosa leo, kesho anajaribu kilima kingine, au anachimba mizizi. Mkulima anavuna mara moja au mbili kwa mwaka, halafu anakula kwa miezi 12. Hiyo miezi ya katikati ndiyo mtihani wenyewe. Mifupa ya wakulima wa kwanza sehemu nyingi za dunia inaonyesha watu wafupi kuliko wawindaji waliowatangulia, na meno yaliyooza zaidi. Walikula nafaka chache mwaka mzima, na ghala likiharibika hakukuwa na plan B.

5. Sasa tuje nyumbani. Hapa kwetu ng'ombe, mbuzi na kondoo walitangulia nafaka. Walifika pande za Ziwa Turkana kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita. Vyungu vya kale vilivyochimbwa Kenya na Tanzania vimekutwa na mabaki ya mafuta ya maziwa. Hata miili yetu inakumbuka: mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba uwezo wa watu wazima wengi wa Kenya na Tanzania kumeng'enya maziwa unatokana na badiliko la jeni tofauti na lile la Wazungu. Hatukuazima. Lilitokea huku, kwa watu walioishi na mifugo.

6. Upande wa shamba, kuna pango la Kakapel huko Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Kunde zilizokutwa pale zina umri wa miaka kama 2,300. Wimbi lilikuwako angalau miaka 1,000 iliyopita, na mtama pia. Mtama asili yake ni huku huku Afrika, pande za mashariki ya Sudan. Wimbi ni la nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Ongeza njahi na mawele. Hicho ndicho kilikuwa chakula kabla ya pakiti ya kilo mbili. Ndizi na mbaazi zilikuja kutoka Asia, zikapokelewa, zikawa zetu. Kwa hivyo mtu akikuambia "chakula chetu cha asili," muulize asili ya karne gani.

7. Na kila jamii ilikuwa na sayansi yake ya kuhifadhi. Pwani, samaki hupasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa mpaka awe ng'onda. Ziwani, omena huanikwa juani na obambla hupasuliwa katikati ndipo akauke. Kaskazini, nyama hukatwa vipande vidogo, hukaushwa, hukaangwa na kuzikwa ndani ya mafuta: hiyo ni nyirinyiri, na inasafiri na ngamia bila friji. Wakalenjin wanasugua kibuyu kwa mkaa wa mti maalum, wanatia maziwa, yanachacha, yanakuwa mursik. Nyanda za juu, maharagwe na nafaka zilichanganywa na majivu ili wadudu washindwe.

8. Ukiangalia vizuri, mbinu zote hizo ni familia moja. Ondoa maji. Ondoa hewa. Ongeza chumvi, moshi au uchachu. Basi. Mfaransa Nicolas Appert alipopewa zawadi ya faranga 12,000 na serikali yake mwaka 1810 kwa kufungia chakula kwenye chupa na kukichemsha, hata yeye hakujua ni kwa nini inafanya kazi. Louis Pasteur alikuja kueleza habari za vijidudu miaka mingi baadaye. Kwa hivyo tusiite ujuzi wa shosho "imani." Alijua matokeo, kama Appert alivyojua matokeo.

9. Lakini pia tusidanganyane kwamba zamani ilikuwa peponi. Ukame mkubwa wa 1897 hadi 1900 Wakamba waliuita Yua ya Ngomanisye, ile njaa iliyoenea kila mahali. Wakikuyu waliuita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa sababu ilikuja sambamba na wageni, reli, ndui na maradhi ya ng'ombe. Watu wengi mno walikufa. Maghala ya nyumbani yalikuwa yametengenezwa kuvuka msimu mmoja mbaya, labda miwili. Misimu mitatu ikifuatana, hakuna ghala la fito linaloweza. Weka hiyo akilini, kwa sababu ndipo hoja ya hifadhi ya taifa inapoanzia.

10. Na mahindi je? Mahindi ni Mmeksiko. Yalitokana na nyasi ya mwituni kusini mwa Mexico, miaka kama 9,000 iliyopita. Baada ya safari za Columbus yakasambaa dunia, na Wareno wakayaleta Pwani yetu. Jina la Kiswahili linaelekeza India, manake mtu wa Pwani alizoea kwamba vitu vigeni vinatoka ng'ambo ile. Maharagwe ya kawaida pia ni ya Amerika. Kwa hivyo sahani ya githeri, ile tunayojivunia kama ya mababu, ina mahindi ya Amerika na maharagwe ya Amerika. Mababu wa zamani zaidi walikuwa wanapika njahi na kunde.

11. Hapa kuna jambo linaniuma kidogo. Wenyeji wa Mexico hawakuwa wanakula mahindi hivi hivi. Walikuwa wanayachemsha kwenye maji ya chokaa au majivu, wanayaosha, ndipo wanasaga. Hiyo hatua hufungua vitamini ya niasini iliyojificha ndani ya punje, na pia hupunguza sumu ya kuvu. Mahindi yalipovuka bahari, mbegu ilisafiri, ujuzi ukabaki. Maskini wa kaskazini mwa Italia na baadaye wa kusini mwa Marekani, waliokula mahindi karibu peke yake, walipata ugonjwa wa pellagra: ngozi inababuka, akili inavurugika, mtu anakufa. Zao lilikuwa zuri. Kilichokosekana ni maarifa ya kulitunza na kulipika.

12. Mahindi yalipataje kuwa mfalme Kenya? Si kwa sababu tuliamka siku moja tukayapenda. Mwanzoni mwa karne ya 20 bara lilikuwa bado na mtama na wimbi kwa wingi. Walowezi wakaleta mbegu nyeupe kutoka Afrika Kusini, maarufu ikiwa Hickory King. Mahindi meupe yalikuwa na soko Uingereza kwa viwanda vya wanga, na reli ilikuwapo kuyafikisha Mombasa. Halafu kukawa na posho: kibarua wa shamba la mzungu, wa reli au wa mjini alipewa unga wa mahindi kama sehemu ya malipo, karibu kilo moja kwa siku. Wabeba mizigo wa Vita Vikuu vya Kwanza, wale waliotuachia jina la Kariakor, walilishwa hivyo hivyo. Mtu anarudi kijijini akiwa amezoea.

13. Lakini tuwe wa haki: wakulima wenyewe pia walichagua. Mtama na wimbi ndege wanavila vikiwa wazi shambani, na kazi ya kufukuza ndege ilikuwa ya watoto. Watoto wakaenda shule. Mahindi yamevaa koti lake mwenyewe. Wimbi linahitaji palizi ya mkono na kusagwa kwenye jiwe, kazi ya mama saa nzima kabla ya kupika. Mahindi unapeleka kisiagi na dakika kumi baadaye unarudi na unga. Wanaume walikuwa wameondoka kwenda kufanya kazi ya mshahara, wanawake wakabaki na mzigo wote. Ukiwa wewe ndiye yule mama, ungechagua nini? Wale wanaosema "turudi kwa mtama" kama ni jambo la adabu tu, wanasahau nani alikuwa anasaga.

14. Siasa ya bei nayo si ya jana. Mwaka 1942, katikati ya vita, serikali ya kikoloni ilianzisha udhibiti wa mahindi: yeye ndiye mnunuzi, yeye ndiye mpangaji wa bei. Mlowezi akapewa bei nzuri na dhamana hata mazao yakikosa. Mkulima Mwafrika akapewa bei ya chini kwa gunia lile lile. Mvua ikakosa, maghala ya umma yakawa matupu, na 1943 Wakikuyu waliikumbuka kama Ng'aragu ya Mianga, mwaka wa kula unga wa muhogo ulioletwa kutoka mbali. Bei mbili kwa zao moja kulingana na rangi ya mkulima. Hapo ndipo mahindi yalipokuwa silaha ya siasa rasmi.

15. Uhuru ukaja. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu ya H611, iliyopatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ecuador. Mavuno yakapanda, na wakulima wadogo waliikimbilia haraka sana. Tukawa na nchi inayojua kuzalisha. Na bado, mwaka 1965 mahindi yalipungua, wananchi wakanung'unika, na tume ya uchunguzi ikaundwa, ikatoa ripoti mwaka 1966. Soma tena: mbegu bora 1964, uhaba 1965, tume 1966. Mbegu peke yake haijawahi kutuokoa.

16. Mwaka 1979 Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, ile NCPB, iliundwa kwa kuunganisha bodi ya mahindi na ya ngano. Kazi yake ilikuwa kununua, kuhifadhi na kuuza. Ilikuwa na maghala nchi nzima, ilikuwa na bei moja, na ilikuwa na hasara kubwa mno iliyolipwa na mlipa ushuru. Ukame wa 1984 ulipokuja, mahindi ya manjano yakaagizwa kutoka nje. Waulize wazazi wako walivyoyachukia! Miaka ya 1990 soko likafunguliwa: hakuna tena vibali vya kusafirisha gunia kutoka wilaya moja hadi nyingine, mfanyabiashara akanunua popote.

17. Wengi wanajadili kama kufungua soko kulikuwa vizuri au vibaya. Mimi nataka tuone kitu kimoja tu. Bodi ilipopunguza kununua, jukumu la kuhifadhi halikupotea. Lilihama. Lilienda kwa mkulima mwenye ghala la fito, au kwa broka mwenye stoo na pesa ya kusubiri. Mkulima ana karo ya Januari, hana uwezo wa kusubiri. Anauza Novemba au Desemba wakati kila mtu anauza, bei ikiwa chini kabisa. Juni au Julai yeye mwenyewe yuko sokoni, ananunua mahindi kwa gorogoro, kwa bei ya juu. Pengine ni mahindi yake mwenyewe aliyoyauza.

18. Na hata akitaka kusubiri, kuna adui. Miaka ya mwisho ya 1970 mdudu kutoka Amerika ya Kati aliingia Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akavuka Taveta. Ni dumuzi, yule wakulima wengi wanamwita Osama. Anatoboa punje mpaka unabaki na vumbi. Majivu ya shosho hayamwezi vizuri. Mdudu mpya akaja, ghala likabaki la zamani. Ndiyo maana usimcheke mkulima anayeuza mapema kwa bei ya kutupa. Amepiga hesabu: shilingi kidogo leo au vumbi mwezi wa nne.

19. Adui wa pili haonekani. Mwaka 1981 huko Machakos watu 20 walilazwa, 12 wakafa. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, wagonjwa 317 walihesabiwa na 125 wakafariki. Sababu ni aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka yenye unyevu. Mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Watu walikuwa wametoka kwenye njaa, wakaogopa mahindi yataibwa, wakayaweka ndani ya nyumba, sakafuni, yakiwa bado mabichi. Sumu hii haiishi kwa kupika. Ugali mmoja hauwezi kukuonyesha. Na kwa kiwango kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, inaharibu ini na kuleta saratani.

20. Nimewaambia habari za jino la shosho. Nafaka ikizidi unyevu wa asilimia 13.5, haistahili kufungiwa ghalani. Hiyo tu. Si lazima teknolojia ya ajabu. Hata bila mashine kuna kipimo cha chumvi: tia mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Wakamba nao wana muthokoi: mahindi yanatwangwa mpaka ganda litoke ndipo yapikwe. Utafiti umeonyesha kutoa ganda hupunguza aflatoksini kwa kiasi kikubwa, ingawa haiimalizi. Tuliita chakula cha kijijini, kumbe kina kinga.

21. Sasa tuchukue hoja za majukwaani moja moja.

"Mahindi ya nje ni sumu, tufunge mpaka." Machi 2021 uagizaji kutoka Uganda na Tanzania ulisimamishwa kwa sababu ya sumu hii, kisha ukaruhusiwa tena kwa masharti siku chache baadaye. Kupima ni sawa kabisa. Lakini waliokufa 2004 wengi walikula mahindi yaliyolimwa kwao. Kuvu haina kitambulisho cha taifa. Tukipima ya mpakani, tupime na ya Kitale, na ya stoo za serikali pia.

22. "Fungueni mpaka, unga ushuke." Mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na COMESA yana ushuru wa asilimia 50, na kuondoa ushuru huo kunaweza kusaidia mlaji wa mjini. Shida ni saa. Tangazo likitoka Julai, meli inaweza kufika Oktoba, wakati mkulima wa Uasin Gishu na Trans Nzoia anaanza kuvuna. Mlaji hakusaidika alipoumia, na mkulima akapigwa alipokuwa ndio anaanza kupata. Mkulima anataka bei ya juu, mlaji anataka ya chini, na wote ni Wakenya. Hiyo si vita ya kabila wala ya mji na kijiji. Kilicho kati yao ni ghala.

23. "Ruzuku!" Mwaka 2017, kuanzia Mei, pakiti ya kilo mbili iliwekwa shilingi 90. Mwaka 2022, Julai, ikawekwa 100 ikiwa imepita 200. Uchaguzi ulikuwa Agosti 8 na Agosti 9. Unaweza kusema ni njama, unaweza kusema ni huruma, sitaingia huko. Ila angalia kalenda. Katiba ya 2010 imeweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti. Mavuno makubwa ya North Rift huanza Oktoba. Maana yake tunapiga kura katika miezi ambayo stoo za nyumbani zimekauka na unga kwa kawaida uko juu. Kila miaka mitano, aliye serikalini atakuwa na sababu ya kushusha bei kwa wiki chache, na aliye nje atakuwa na sababu ya kupiga kelele. Hakuna hata mmoja kati yao anayelazimika kuzungumza habari za Novemba.

24. "Turudi kwa mtama na wimbi." Naunga mkono kwa Kitui, Makueni, Tharaka, Siaya na kila mahali mvua ni ya kubahatisha. Mtama unastahimili ukame kuliko mahindi, na ukishakauka vizuri unakaa. Lakini nani atanunua? Nani atafukuza ndege? Kisiagi cha kijijini kinatoa unga laini? Tukijibu hayo, watu watarudi wenyewe. Tusipojibu, tunawaambia maskini wale tofauti ili sisi tuendelee na ugali mweupe.

25. Kwa hivyo nini kinasaidia? Mambo hayana urembo wa jukwaani. Mashine za kukaushia karibu na mashamba, kwa ada ambayo mtu wa magunia kumi anaweza. Mifuko isiyopitisha hewa: wadudu wanamaliza oksijeni iliyofungiwa humo na wanakufa bila dawa. Mfuko huo ulianza kubuniwa kwa ajili ya kunde za Cameroon miaka ya 1980, sasa unauzwa hadi vijijini kwetu. Aflasafe, inayotengenezwa Katumani, ambayo ni kuvu isiyo na sumu inayonyang'anya nafasi ile yenye sumu shambani. Na stakabadhi za ghala, ambazo zina sheria yake tangu 2019: unapeleka mahindi kwenye ghala lililoidhinishwa, unapewa cheti, unakopea karo kwa hicho cheti, unauza bei ikipanda. Lile jambo la kuuza Desemba kwa machozi, hapo ndipo linapoguswa.

26. Jambo lingine watu husahau: kwa Katiba yetu, kilimo kwa sehemu kubwa ni kazi ya kaunti. Serikali kuu ina sera na hifadhi ya taifa. Kwa hivyo ukimuuliza mgombea urais tu habari za unga, umemwachia gavana na MCA wako watoroke. Wao ndio wanaopanga kama kutakuwa na mashine ya kukaushia kwenye wadi yako au lango jipya la makao makuu.

27. Agosti 2027 haiko mbali. Akija mtu kwenu, wa upande wowote, akisema atashusha unga, usimzomee na usimshangilie. Muulize hivi:

Mahindi ya kaunti hii yanakaushiwa wapi, na kwa shilingi ngapi kwa gunia?
Ghala la karibu lina nafasi ya magunia mangapi, na leo lina mangapi?
Nani anapima aflatoksini, na majibu yanabandikwa wapi?
Mkulima mwenye karo ya Januari atakopa wapi asiuze Desemba?
Na misimu mitatu ikikosa mvua mfululizo, kama 1897, hifadhi ya taifa itatulisha siku ngapi?

28. Akijibu kwa hesabu, msikilize hata kama hampendani. Akijibu kwa kutaja jina la mpinzani wake, basi umejua. Watu wa Dhra' walijenga ghala kabla ya kuwa na shamba. Sisi tuna shamba, mbegu bora, bodi, sheria na tume za uchunguzi tangu 1966. Shosho alikuwa na meno tu, na katika nyumba yake hakuna mtu aliyewahi kula sumu.

Kama kwenu mna njia ya kuhifadhi ambayo sijaitaja, iandike hapo chini na useme ni ya wapi. Nitazikusanya. Na ukikuta kosa kwenye hesabu zangu, nirekebishe bila matusi. Usiku mwema.